Riwaya ndefu za Kiingereza kikundini: kata pale mwandishi alipokata

Kikundi kipya cha usomaji kinaponiomba nikisaidie kupanga riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19, mara nyingi ratiba ninayoletewa ni ya aina moja: kurasa zimegawanywa kwa wiki, basi. Kurasa 540, wiki tisa, kurasa 60 kila wiki. Hesabu haina kosa, lakini kikundi kinaanza kupukutika mapema, na lawama zinaangukia Kiingereza kigumu au uvivu wa wanachama. Kuendesha vikundi vya namna hii ndiyo kazi yangu, na kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni kwamba riwaya hizi zilikatwa zamani na waandishi wenyewe. Walijua msomaji atasimama wapi, atasubiri muda gani, na atakaa akiwaza nini. Tupange ratiba kwa mikato hiyo, kurasa zije baadaye.

Riwaya nyingi za wakati ule zilitoka kwa juzuu tatu, na bei iliyozoeleka ilikuwa shilingi 31 na peni 6. Mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza asingethubutu kutoa fedha hiyo kwa kitabu kimoja, kwa hiyo watu waliazima. Maktaba ya Charles Edward Mudie, iliyoanza kuazimisha vitabu London mwaka 1842, ilimtoza mwanachama gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21, na kwa ada hiyo alichukua juzuu moja moja. Umalize ya kwanza, uirudishe, ndipo upewe ya pili. Kama iko kwa mtu mwingine, subiri. Mwenye maktaba aliupenda utaratibu huo kwa sababu nakala moja ya riwaya ilihudumia wasomaji watatu kwa wakati mmoja. Mwandishi naye alijua kwamba juzuu ya kwanza lazima iishie mahali patakapomfanya msomaji aitamani ya pili. Mtindo huu wa juzuu tatu ulidumu mpaka 1894, maktaba kubwa zilipoukataa.

Njia nyingine ilikuwa kutoa riwaya vipande vipande. Charles Dickens alianza hivyo mwaka 1836, na hatimaye ikawa kawaida yake: kijitabu cha jalada laini kila mwezi, kurasa 32, picha mbili, shilingi moja. Riwaya nzima ilikuwa na sehemu 20, mbili za mwisho zikitoka pamoja, hivyo msomaji aliishi nayo miezi 19. Bleak House ilianza Machi 1852 ikaisha Septemba 1853. Nyingine zilichapishwa katika majarida ya kila wiki. Sisi tuliokua tukisoma hadithi za mfululizo magazetini hatuhitaji kuelezwa sana. Tunajua maumivu ya kufika chini ya ukurasa na kukuta “itaendelea”.

Sasa tazameni mkato unavyobadilisha mazungumzo. Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813, ina sura 61. Aliyegawa kwa tatu atafunga kikao cha kwanza sura ya 20. Hapo Bwana Collins ameshamposa Elizabeth Bennet na kukataliwa, mama mtu anafoka, baba mtu amesimama upande wa binti yake. Wanachama watacheka sana, watakubaliana kwamba Collins ni mpuuzi na Elizabeth ni jasiri, kisha wataagana. Austen hakukata hapo. Juzuu yake ya kwanza inakwenda mpaka sura ya 23, na ndani ya sura hizo tatu Collins anamposa Charlotte Lucas, rafiki mkubwa wa Elizabeth, na Charlotte anakubali. Ana miaka 27, hana mali, hana sura ya kuvutia, na anamwambia Elizabeth waziwazi kwamba anachotafuta ni nyumba ya kukaa kwa starehe. Kumbukeni pia kwamba nyumba ya kina Bennet yenyewe imefungwa kisheria irithiwe na mwanamume, na mrithi ni huyu huyu Collins. Baba akifa, mama na mabinti watano watatoka.

Ukifunga kikao sura ya 23, mnabaki na swali zito mezani: je, Charlotte amekosea? Nimeona akina dada waliokuwa kimya tangu mwanzo wakianza kuzungumza hapo, habari za umri, za posa, za mashangazi wanaouliza kila Krismasi na kila Idi. Elizabeth naye haonekani tena kama shujaa tu. Anaonekana kama mtu aliyejaliwa kuweza kusema hapana. Sura tatu tu ndizo zilizoleta tofauti hiyo. Juzuu ya pili inaishia sura ya 42, pale Elizabeth na mjomba wake wanapoamua kwenda kuitazama Pemberley, nyumba ya mwanamume ambaye Elizabeth aliikataa posa yake sura nane nyuma. Mwache mwanachama wako alale na hilo wiki mbili, utaona kama atachelewa kikao kinachofuata.

Jane Eyre ya Charlotte Brontë, 1847, ina sura 38. Juzuu ya kwanza inaishia sura ya 15, usiku wa moto chumbani kwa Rochester, tajiri aliyemwajiri Jane. Ya pili inaishia sura ya 26, harusi yao inaposimamishwa kanisani. Sina la kuongeza. Kata hapo hapo.

Middlemarch ya George Eliot ndiyo inayotishia watu zaidi, na ndiyo ninayopenda kuipanga. Ina sura 86, dibaji na hitimisho. Lakini ilitoka kwa vitabu vinane, kuanzia Desemba 1871 hadi Desemba 1872, sita vya kwanza kila miezi miwili na viwili vya mwisho kila mwezi. Kila kitabu kina jina lake, na matoleo ya leo bado yanayaonyesha majina hayo. Kitabu kimoja ni kama sura tisa hadi kumi na tano, na mtu mwenye kazi na watoto anakimaliza kwa wiki mbili bila kukosa usingizi. Vitabu vinane, vikao vinane, miezi minne. Ukimwambia mtu “sura 86” anakata tamaa. Ukimwambia “kitabu cha kwanza, sura 12, tukutane Jumamosi ya pili,” anaanza kusoma usiku huo huo.

Mfano wa kazi ya mkato katika riwaya hii ni mwisho wa kitabu cha tatu, sura ya 33. Mzee Peter Featherstone yuko kitandani, usiku wa manane, na anayemwangalia ni Mary Garth, msichana maskini. Mzee ana wosia mbili. Anamtaka Mary afungue sanduku la chuma amtolee mmoja uchomwe, na anamnyooshea fedha. Mary anakataa: hatagusa ufunguo, hatagusa fedha. Mzee anamsihi, analia. Kunapokucha amekufa, mkono mmoja umeshika funguo, mwingine umelala juu ya lundo la noti na dhahabu. Kitabu kinaisha hapo. Wasomaji wa 1872 walikaa toka Aprili mpaka Juni bila kujua nani amerithi. Katika kikundi, marufuku kufungua sura ya 34 kabla ya kikao. Wanachama wabishane kwanza: Mary alifanya haki, au alijilinda mwenyewe tu? Ingekuwa bibi yako, ungemkatalia? Mwenye ratiba ya kurasa angeivuka sura hii katikati ya wiki na kuisahau.

Jambo la nakala lishughulikiwe kabla ya lingine lolote. Madukani na mitumbani kwetu zimejaa nakala zilizofupishwa kwa ajili ya shule, na jalada halisemi hivyo kwa herufi kubwa. Njia rahisi ya kuzitambua ni kuhesabu sura: Great Expectations ya Dickens isiyo na sura 59 ni ufupisho. Riwaya hizi hakimiliki zake zimekwisha, kwa hiyo tovuti ya Project Gutenberg inazitoa bure kihalali, na faili la maandishi matupu ni dogo, halimalizi bando. Tovuti ya LibriVox ina vitabu vilivyosomwa kwa sauti, bure pia, na anayesikiliza akiwa kwenye foleni za magari ni mwanachama kamili kama wengine. Kwenye ratiba usiandike namba za kurasa kamwe. Andika sura, na kando yake tukio la mwisho kwa maneno machache: “mpaka sura ya 23, Charlotte amekubali kuolewa.” Matoleo mengine huanza kuhesabu sura upya kila juzuu, na hilo tukio ndilo litakalowaweka wote mahali pamoja. Kwa Frankenstein ya Mary Shelley kubalianeni zaidi ya hapo, kwa sababu kuna maandishi ya 1818 na mengine aliyoyarekebisha mwenyewe yakatoka 1831, na hayafanani. Utangulizi wa wasomi ulio mbele ya kitabu usisomwe mpaka riwaya iishe. Nyingi zinaeleza kisa chote, na baadhi zinakuonya zenyewe.

Kikaoni mimi hufungua kwa kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Familia nyingi za Uingereza wakati ule zilisoma hivyo, mmoja akisoma wengine wakishona au wakiota moto, na sentensi ndefu za Dickens zinaeleweka sikioni kuliko machoni. Kisha maswali matatu, yasizidi, na kila swali liwe na mahali pake kwenye kitabu, ili anayejibu afungue na kutuonyesha. Mazungumzo yawe kwa lugha yoyote. Kusoma Kiingereza na kubishana kwa Kiswahili kunawapa nafasi watu wenye mawazo mazuri ambao Kiingereza chao cha kuzungumza kinawasumbua. Kwenye kikundi cha WhatsApp, ujumbe wowote kuhusu kisa uanze na namba ya sura, na aliyetangulia mbele ajizuie. Hapa admini awe mkali. Mtu mmoja akisema nani amekufa, ameharibu wiki mbili za watu wote.

Msiogope pia kuuliza maswali ambayo wasomaji wa London hawakuyauliza. Katika Jane Eyre, mke wa kwanza wa Rochester alitoka Jamaika, na mali ilikuja pamoja naye. Katika Great Expectations, fedha inayomfanya Pip, kijana anayesimulia kisa, kuwa muungwana inatoka kwa mfungwa aliyepelekwa Australia. Na sehemu ya kwanza kabisa ya Bleak House inatukutanisha na Bibi Jellyby, anayeshughulika usiku na mchana kuandika barua za mradi wa kahawa kando ya mto Niger, huku watoto wake wakianguka ngazini bila wa kuwaokota. Kikundi cha Waafrika kikifika hapo kitakuwa na mengi ya kusema, hivyo kitengeeni muda.

Riwaya ya kuanza nayo? Kama kikundi ni kichanga kabisa, Silas Marner ya George Eliot, 1861: fupi, ina sehemu mbili, vikao viwili tu, na inasimulia mfumaji aliyeibiwa dhahabu yake akapata mtoto. Baada ya hapo, Great Expectations. Dickens aliitoa kwa sehemu 36 katika jarida lake la kila wiki, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, ili kuokoa mauzo yaliyokuwa yakishuka kwa sababu ya riwaya nyingine iliyowachosha wasomaji. Sehemu 36 ni nyingi mno kwetu, lakini aliigawa pia katika hatua tatu, zinazoishia sura ya 19, ya 39 na ya 59, na mwisho wa mbili za kwanza akaandika kwamba hatua imeisha. Mimi hufanya vikao sita, viwili kwa kila hatua, na siruhusu kabisa kikao cha nne kivuke sura ya 39. Ni usiku wa dhoruba, Pip ana miaka 23, mgeni anapanda ngazi gizani, na yote aliyoyaamini kuhusu bahati yake yanaanguka.

Kikao cha sita kipewe muda mrefu kuliko vingine, kwa sababu riwaya hii ina miisho miwili. Katika ule wa kwanza, Pip na Estella, mwanamke aliyempenda tangu utotoni, wanakutana kwa muda mfupi barabarani London, Estella ameshaolewa tena na daktari, na wanaachana. Rafiki yake Dickens, Edward Bulwer-Lytton, alimshawishi aubadilishe, akaandika huu tunaousoma, wa bustani ya nyumba iliyobomolewa. Ule wa kwanza ulikuja kuchapishwa na John Forster, aliyeandika wasifu wa Dickens, mwaka 1874, Dickens akiwa ameshafariki. Someni yote miwili kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kabla mtu yeyote hajatoa maoni. Matoleo mengi ya wanafunzi wa chuo yana ule wa kwanza mwishoni mwa kitabu. Wenye faili la bure watumiwe siku mbili tatu kabla, ni aya chache tu, hazijazi hata ukurasa mzima wa simu ukizipunguza herufi.