Mchanga wa Chokaa Chini ya Bahari: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Makombe na mabaki ya matumbawe yakishatua kwenye sakafu ya bahari hubaki vilevile mpaka yafukiwe kwa kina au yafikiwe na maji ya mvua.

Ukweli: Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na kwa muda mrefu hata wanajiolojia waliiegemea. Mwani wa kijani uitwao Halimeda hujijengea sindano nyembamba za aragonaiti, aina mojawapo ya madini ya chokaa. Mwaka 1995 watafiti Ian Macintyre na Pamela Reid walieleza kwamba sindano hizo huanza kugeuka kuwa vipunje vifupi mwani ukiwa bado hai, sembuse ukishakufa. Vipunje hivyo vipya navyo ni aragonaiti: umbo limebadilika, madini ni yaleyale. Anayepima aina ya madini tu, bila kutazama fuwele kwa hadubini ya elektroni, ataapa kwamba hakuna kilichotokea.

Dhana: Aragonaiti na kalsaiti, aina nyingine ya madini ya chokaa, zina kemikali tofauti.

Ukweli: Zote ni CaCO₃, yaani kalsiamu kaboneti. Zinatofautiana kwa mpangilio wa atomi.

Dhana: Maji ya bahari za joto yameshiba kaboneti, basi chokaa haiwezi kuyeyuka humo.

Ukweli: Maji ya juu yameshiba kweli. Lakini shuka kidogo, kwenye maji yaliyonaswa kati ya punje, mambo ni mengine. Bakteria huozesha mabaki ya viumbe na kutoa kaboni dioksidi, na maji hayo huwa na tindikali zaidi. Mizizi ya nyasi za baharini nayo huingiza oksijeni, na salfidi (kemikali ya salfa itokanayo na uozo) inapokutana na oksijeni hiyo tindikali huongezeka. Kwa kawaida kalsaiti yenye magnesi nyingi, ile ya mwani mwekundu na baadhi ya foraminifera (viumbe vidogo vya seli moja vyenye gamba), huyeyuka kwa wepesi kuliko hata aragonaiti. Wanaozungumzia bahari kuongezeka tindikali huitaja aragonaiti peke yake mara nyingi mno.

Dhana: Mchanga huchukua mamilioni ya miaka kuwa mwamba.

Ukweli: Ufukweni kumepatikana miamba iliyogandia chupa za kioo, yaani mchanga uliganda baada ya watu kutupa chupa hizo.

Dhana: Maji ya bahari yana magnesi tele, kwa hiyo dolomaiti, madini ya kaboneti yenye kalsiamu na magnesi, hujiunda kwa urahisi.

Ukweli: Maji hayo yameshiba dolomaiti pia, ila haijiundi kirahisi. Leo huonekana mahali pachache, kama nyanda za chumvi za Abu Dhabi, ilhali miamba ya kale imejaa madini hayo. Wanasayansi wangali wakibishana kuhusu sababu.