Mbweha Mweusi wa Kaburi la Tutankhamun

Katika kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, lililogunduliwa na mwanaakiolojia Howard Carter mwaka 1922 kwenye Bonde la Wafalme, mlango wa chumba cha hazina ulilindwa na mbweha. Ni sanamu ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, ina kucha za fedha na masikio ya dhahabu, nayo imelala juu ya sanduku lililopakwa dhahabu. Mwili wake ulikuwa umefunikwa kitani, shingoni amevishwa shada la maua. Anayeuvisha ubao nguo na maua hauoni kuwa ubao. Waliomweka pale walimhesabu kuwa hai.

Huyo ndiye Anubis, mungu msimamizi wa kuhifadhi maiti. Makaburi ya kale kabisa ya Misri yalikuwa mashimo mafupi mchangani, ukingoni mwa jangwa, na mbweha waliyafukua. Wataalamu wengi wanaona cheo chake kilitokana na hapo: mfukuaji akakabidhiwa ulinzi. Tazama pia rangi yake. Mbweha wa jangwani ana manyoya ya rangi ya mchanga. Weusi wa Anubis ni wa maiti iliyokaushwa kwa magadi na kupakwa utomvu, na pia ni wa tope la Nile linalootesha nafaka. Tusiusome kama weusi wa msiba. Kwao ulikuwa rangi ya kuzaliwa upya.

Lakini picha iliyo hai inaweza pia kuuma. Kiboko mdogo wa kauri ya buluu kutoka kaburi la Meir, Misri, aliyeko Metropolitan Museum jijini New York, hafiki hata sentimita 25, na mwilini amechorwa mayungiyungi, maua yanayofumba usiku na kufumbua asubuhi. Miguu yake mitatu imeundwa upya na wakarabati. Ile ya asili inaaminika ilivunjwa makusudi, ili marehemu apate uhai wa mtoni bila kukanyagwa. Kwenye baadhi ya makaburi hata nyoka waliotumika kama alama za maandishi ya picha walichorwa wamekatwa vipande.

Juu ya moyo wa maiti aliwekwa dundu wa jiwe, yule anayeviringisha mavi, na tumboni mwake yakachongwa maneno ya kuusihi moyo usimshuhudie vibaya mwenyewe siku ya kupimwa kwenye mizani ya hukumu ya wafu. Moyo ukishindwa, ulikuwa haki ya Ammit, mnyama mla mioyo: kichwa cha mamba, kifua cha simba, makalio ya kiboko. Katika mafunjo ya mwandishi Hunefer, yaliyoko British Museum, Ammit anasubiri kando ya mizani. Na anayeikagua mizani hiyo ni yule yule mbweha mweusi.