Mtafiti wa Mimea Amenukuliwa Mara Ngapi? Dhana Potofu na Ukweli

Vijana wa kilimo hapa Mwanza wakizungumzia watafiti, hawakawii kuulizana: fulani amenukuliwa mara ngapi, yaani makala zake zimetajwa mara ngapi kwenye makala za wengine? Swali hilo lina maana yake, lakini majibu yake tunayabebesha mzigo usioyahusu, na wanaoumia ni watafiti wanaoshinda mashambani.

Dhana: Makala isiponukuliwa miaka ya mwanzo, imekufa.

Mwaka 1936, H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alichapisha makala fupi kuhusu magonjwa ya muhogo, na humo akaueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kwa miongo mingi ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa wa pwani na wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Iliaminika kwamba ukivuka mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hauna nguvu. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134 hivi, kwa hiyo mkulima wa Sengerema au Ukerewe hakuwa na sababu ya kuuogopa, wala mtafiti wa huku hakuwa na haraka ya kumsoma Storey.

Mwaka 2004 ugonjwa ukaonekana Uganda, kwenye miinuko ambayo watu waliiona salama, na baadaye ukaenea Kanda ya Ziwa. Anayelima muhogo anajua uchungu wake: shina linaweza kuonekana zima kabisa, lakini ukikata mzizi unakuta mabaka makavu ya kahawia. Haufai kuchemsha, haufai udaga. Ghafla watafiti wakawa wanahitaji kujua ugonjwa huu ulielezwa lini na nani, wakarudi kwenye zile kurasa chache za Amani. Leo makala nyingi za michirizi ya kahawia huanza na Storey, 1936. Kazi yake ilikuwa nzuri tangu siku ilipochapwa. Kilichobadilika ni mahali ugonjwa ulipofika. Gregor Mendel naye alichapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, na dunia ikayatambua mwaka 1900, akiwa ameshafariki.

Dhana: Asiyenukuliwa sana hajaacha kitu.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu tunaishi jirani na ushahidi wa kuikanusha. Herufi UK kwenye majina ya mbegu za pamba, kama UK77 au UK91, zinatokana na Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi. Waliozizalisha mbegu hizo walichagua mimea yenye majani ya vinyweleo ili jasidi, wale wadudu wadogo wafyonzaji, washindwe kuyashambulia, na wakatafuta pia ustahimilivu wa magonjwa. Kazi ya namna hiyo inafuata mvua. Unachavusha, unapanda, unachagua, unatupa mingi, unasubiri msimu mwingine. Miaka inakwenda kabla mbegu moja haijaidhinishwa, na huenda ikazaa taarifa ya kituo tu isiyoingia kwenye jarida lolote la kimataifa.

Mkulima aliyepanda UK91 msimu baada ya msimu hakuandika makala, hivyo hakumnukuu mtu. Pamba yake ilifika jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, na ada ya shule ikalipwa, lakini hakuna hifadhidata ya nukuu inayoona hayo.

Hata muhogo una kisa chake. Amani walichanganya muhogo na mpira wa Ceará, ndugu yake wa mwituni, ili kupata kinga dhidi ya ugonjwa wa batobato. Mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria, zikawa chanzo cha kinga kwa mihogo mingi iliyosambazwa Afrika baadaye.

Dhana: Anayenukuliwa sana ndiye mgunduzi mkubwa kuliko wote.

Makala ya Toshio Murashige na Folke Skoog ya mwaka 1962 imenukuliwa makumi ya maelfu ya mara. Inaeleza mchanganyiko wa virutubisho wa kukuzia chembe hai za tumbaku maabara. Yeyote anayekuza miche ya migomba kwenye chupa kwa mchanganyiko huo hutaja makala hiyo, na ni haki kabisa. Namba yake inaonyesha kwamba mbinu hiyo inatumika kila mahali. Makala nyingine hunukuliwa kwa sababu watafiti wengine wanaipinga, na kila pingamizi nalo huhesabiwa moja.

Dhana: Kipimo cha h kinamaliza ubishi.

Mwanafizikia Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005. Ukiwa na h ya 10, una makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Sasa mchukue mwenye makala tatu tu, kila moja imenukuliwa mara 5,000: h yake ni 3. Tena kipimo hiki hakishuki hata mtu akistaafu, kwa hiyo kijana hushindanishwa na umri. Kumlinganisha mtaalamu wa virusi anayetoa makala kila mwaka na mzalishaji wa mbegu za pamba kwa namba hiyo ni dhuluma.

Dhana: Idadi ni ileile popote utakapoitazama.

Hapana. Nukuu huhesabiwa na hifadhidata mbalimbali za mtandaoni: Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti nyingi, wakati Scopus na Web of Science huhesabu machapisho waliyoyachagua wenyewe, hivyo mtu mmoja huwa na namba tatu tofauti. Ukiandika idadi kwenye wasifu wako, taja umeitoa wapi na tarehe gani.