Chuño si viazi vilivyooza
Wasafiri wengi wanaofika milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, wakiona chuño sokoni hudhani ni viazi vilivyooza: vidogo, vyeusi, vyepesi mkononi kama vipande vya mkaa. Sivyo kabisa! Viazi huanikwa nje usiku vigande kwa baridi kali. Mchana, jua likishaviyeyusha, watu huvikanyaga kwa miguu peku mpaka maji yachuruzike. Kazi hiyo hurudiwa siku kadhaa, kisha vikakaushwa. Hapo hukaa ghalani miaka bila friji. Vikilowekwa na kutiwa kwenye supu, hufyonza mchuzi wote. Kuvikataa kwa ajili ya rangi, naona, ni kujinyima bure. Weusi ukikutisha, anza na tunta, aina nyeupe ambayo hulowekwa pia mtoni.