Bwawa Linalonuka Klorini Huenda Limepungukiwa na Klorini

Katika mabwawa ya nyumbani ninayoyahudumia hapa Mombasa, lalamiko la kawaida ni kwamba klorini imezidi, kwa kuwa maji yananuka na watoto wanatoka humo macho yakiwawasha. Mara nyingi kipimo huonyesha kinyume chake. Harufu ile kali hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kufungamana na jasho na mkojo wa waogeleaji, ambayo nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo mno.

Ndiyo maana siridhiki na matone ya kupimia yanayogeuza maji kuwa manjano, kwani hupima klorini yote kwa jumla. Mimi hutumia vidonge vya DPD, yaani dawa ya kupimia inayogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Huchota maji nikizamisha mkono hadi kiwikoni, mbali na matundu yanayorudisha maji kutoka kwenye chujio, kisha hutia kidonge namba 1. Rangi ya waridi inayotokea huonyesha klorini huru, yaani ile ambayo bado haijafungamana na uchafu, ambayo nataka iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Nikiongeza kidonge namba 3 katika maji yale yale napata jumla, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kloramini. Ikiwa kubwa, bwawa linahitaji kuongezwa klorini. Jihadhari, hata hivyo: klorini ikizidi mno, waridi huchomoza mara moja kisha hupauka, na asiyejua huamini kwamba maji hayana klorini kabisa, akazidi kuitia.

Namba hiyo ya klorini huru nayo haisomwi bila pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Ikiwa 7.2, takriban theluthi mbili ya klorini huru ni asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo hasa inayoua vijidudu. Ikifika 8, hubaki kama robo tu. Kwa hiyo hurekebisha pH kwanza, kisha hutia klorini jua likishatua, kwa sababu miale ya jua letu la Pwani huila haraka.

Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita katika bwawa la lita 50,000 kunahitaji takriban gramu 154 za chembechembe za hipokloraiti ya kalsiamu zenye nguvu ya asilimia 65. Tia chembechembe ndani ya ndoo yenye maji, kamwe usimimine maji juu yake, na usizichanganye na vidonge vya trikloro, ambayo ni aina nyingine ya klorini ya bwawa, hata kwa kuchangia kijiko, maana vikikutana vinaweza kutoa gesi ya sumu au kulipuka.