Ufa kukua kwenye chuma, kompyuta inauhesabu vipi?

Watu wa boti hapa Lamu washaona hii, shafti ya propela imepiga kazi Mokowe na kurudi miaka, haijagonga mwamba wala nini, halafu siku bahari shwari kabisa inakatika. Wengi husema chuma kilikua feki. Mara nyingi sio, ni chuma kimechoka. Shafti ikikaa upande kidogo tu, kila mzunguko inapindwa, na ikizunguka mara 1,000 kwa dakika basi saa moja ni mara 60,000, na kila mara kale kaufa kanasogea kidogo sana. Angalia pale palipokatika, utaona mistari kama ile maji yanaacha mchangani yakikupwa, hiyo ndo historia ya ufa.

Sasa programu kama Abaqus au Ansys inafanyaje? Inakigawa chuma vipande vidogo vidogo, fikiria umekivika wavu, alafu inahesabu kila kipande kinavutwa kiasi gani. Kwenye ncha ya ufa nguvu inajazana vibaya, so pale macho ya wavu lazima yawe madogo sana, kwengine hata yakiwa makubwa kama ya jarife haina shida. Hapo inapatikana namba wanayoiita K, inaonyesha ncha inavutwa kwa ukali gani, na K inapanda mzigo ukizidi au ufa ukirefuka. Ndo maana ufa unakaa muda mrefu mdogo hauonekani, halafu mwishoni unakimbia.

Alafu kuna kanuni ya Paris, sio ule mji, ni mhandisi Paul Paris, yeye na mwenzake Fazil Erdogan waliitoa 1963: mwendo wa ufa kwa kila mzunguko unafuata tofauti ya K ya juu na ya chini, ikipandishwa kipeo ambacho kwa vyuma vingi ni kama 3. Yaani mzigo ukiwa mara mbili, ufa unakimbia mara 8 (2×2×2)! Programu inausogeza ufa, inapanga wavu upya, inahesabu tena, hivyo hivyo mpaka K ifike pale chuma hakistahimili.

Kitu kimoja naomba mkishike sana, kanuni inataka namba za chuma chenyewe zilizopimwa maabara, na nyingi zimepimwa kwenye hewa ya kawaida. Maji ya chumvi yanaharakisha ufa, kwahivo shafti inayolala baharini ipigiwe hesabu kwa namba zilizopimwa ndani ya maji ya chumvi.