Mwanga unaobaki baada ya mlipuko wa gama, ukichelewa waukosa

Watu wengi hapa Mombasa waijua stesheni ya Waitaliano kule Malindi kwa habari za roketi za zamani, lakini kuna kazi yake moja hatuisemi vya kutosha. Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti ya BeppoSAX ilinasa mlipuko wa miale ya gama (mwanga wenye nguvu kupita kiasi, usioonekana kwa macho, utokao mbali angani), na data zake zilikua zashuka hapo hapo Malindi kila ikipita juu, alafu zaenda Italia. Ndio wanaastronomia wakajua waelekeze darubini wapi, na ile ya William Herschel kule La Palma, visiwa vya Kanari, ikapata picha ya mwanga wa kawaida uliobaki, mara ya kwanza kabisa, baada ya zaidi ya miaka 20 ya watu kubishana hii milipuko yatoka wapi.

Mlipuko wenyewe ni sekunde chache, saa ingine dakika, na miale ya gama haipenyi hewa yetu kwahivyo huku chini hatuipati. Tunachoweza kupata ni kile kinachofuata, manake maada iliyorushwa na mlipuko kwa kasi inayokaribia ya mwanga yagonga gesi iliyo mbele yake, elektroni zazungushwa na nguvu za sumaku na kutoa eksirei, mwanga na redio. Alafu vyote vyafifia, na vyafifia haraka mno! Mara nyingi muda ukizidi mara 10 mwanga nao washuka karibu mara 10. Ule wa 19 Machi 2008 ungeonekana kwa macho matupu, lakini kwa muda usiofika hata dakika, na mwanga huo ulikua umesafiri kama miaka bilioni 7.5, yaani ulianza safari dunia hii haijakuwepo.

Siku hizi kuna setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004, nayo pia huteremsha data Malindi, na tahadhari zake za mlipuko mpya zafika kwenye intaneti ndani ya sekunde. Kwahivyo nyinyi vijana wenye darubini ya inchi 8 na kamera, tahadhari ikija msingoje kila kitu kikae sawa, elekezeni tu, pigeni picha fupi fupi nyingi, kila moja na saa yake, kompyuta itaziunganisha baadaye. Usiku wa pili rudieni pale pale: nukta iliyofifia au kupotea ndio yenyewe, nyota za jirani ndizo za kulinganishia ukali wake. Msipoona kitu pia andikeni nyota hafifu kabisa mliyoipata, hio ni data kamili na yafaa. Taa za mji na unyevu wa bahari zatusumbua sana, bora kutoka upande wa Kwale, lakini tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, anga ya kaskazini na ya kusini zote twazifikia.

Na mkipata mmoja mkali msiuache baada ya usiku mmoja. Ule wa 29 Machi 2003 hata darubini ndogo za watu binafsi ziliufuata, na siku chache baadaye ndani ya mwanga ule unaofifia kukatokea alama za supanova (nyota kubwa ikilipuka na kufa), ndio ikathibitika vizuri kwamba milipuko mirefu ya aina hii (inayozidi sekunde mbili hivi) yatokana na kufa kwa nyota kubwa.